Nani Anaizima Kompyuta ya Dereva?

Maiti ilikuwa bado ya moto fundi alipofika. Aliigusa ubavuni kwa kiganja, akakiondoa haraka. Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na saba, saa kumi na dakika arobaini na saba jioni. Kwa maelezo ya mwenye nyumba, marehemu alikata roho saa kumi na dakika ishirini na mbili, kwenye kona ya mwisho ya mbio, akiwa anaongoza.

Marehemu alikuwa kompyuta. Usicheke upesi, maana mwenye nyumba hakuwa anacheka. Aliitwa Dereva, mzee wa miaka sitini na minane aliyeendesha malori kwa miaka thelathini na mmoja. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, hedifoni zikimning'inia shingoni.

"Ni mara ya saba, fundi," alisema. "Ya saba ndani ya wiki mbili. Nikiandika barua, nzima. Nikitazama picha, nzima. Nikishika usukani tu nicheze, haipiti nusu saa, giza."

Fundi alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, aliyezoea kuchomeka bisibisi ndogo kwenye nywele zake hata mtaa mzima ukamwita hivyo hivyo, Bisibisi. Alikitazama chumba kabla ya kuitazama mashine, kama ilivyo desturi yake. Meza ilielekea dirishani. Kompyuta ilikaa kwenye kigoda kando ya meza, mgongo wake kwenye mlango, kwa kuwa waya wa umeme haukufika kwingine. Kiti cha mzee nacho kiliupa mlango mgongo.

"Unacheza na nani?"

"Mjukuu wangu. Ana miaka tisa, yuko mbali na mama yake. Kila siku saa kumi kamili tunashindana magari, saa moja nzima. Namfundisha kukata kona." Mzee alishusha sauti. "Sasa mama yake amechoka. Amesema mashine isipopona hadi Ijumaa, hiyo saa atampeleka mtoto kujifunza kuogelea. Asubuhi ana shule, usiku analala. Sina saa nyingine na yule mtoto. Hii ikienda, imekwenda."

"Kuna fundi mwingine aliyeigusa?"

"Mmoja wa dukani. Alisoma daftari langu, akapekua ndani ya mashine, akasema wabaya ni programu zinazojisasisha. Akazifuta programu hizo zote. Kesho yake ikazima tena."

Bisibisi aliomba daftari. Mzee alikuwa ameandika vizuri, kama zamani alivyoandika safari zake: tarehe 3, 10:19; tarehe 5, 10:25; na kuendelea hadi siku ile. Akaiwasha kompyuta, akafungua kumbukumbu zake, maana kompyuta nayo huweka shajara ya kila linaloipata. Baada ya muda akaguna.

"Mwenzangu alitafuta 10:19 kama ulivyoandika," alisema. "Lakini mashine huanza kuhesabu saa usiku wa manane. Saa kumi yako ya jioni, kwake ni kumi na sita. Yeye alitazama 10:19 ya mashine, yaani saa nne asubuhi, akakuta programu imejikalia inajisasisha, akaikamata. Amefunga asiyehusika."

"Kumbe? Na saa kumi na sita inasemaje?"

"Inasema ilizimika ghafla, bila kuaga. Na siku zote saba ni kati ya kumi na robo na kumi na nusu."

Mlango ulifunguliwa, akaingia dada mkubwa wa Dereva, mjane aliyekuja kuishi naye tangu mumewe alipofariki. Alibeba chai, vikombe viwili. Alikuwa amevaa sweta nzito ya kijivu, mchana wenyewe wa joto la kukausha nguo kwa nusu saa. Bisibisi aliliona hilo, akaliweka akiba.

"Pole na kazi, mwanangu."

"Asante, mama. Shikamoo."

"Marahaba." Aliweka vikombe, akasimama kidogo kama mtu anayengoja kuulizwa jambo. Hakuulizwa. Akasema, "Mashine za siku hizi hazina subira," akatoka.

Jumatano nzima kompyuta ilikaa kwenye karakana ya Bisibisi, chumba kimoja chenye meza ya kazi mbele na kitanda nyuma ya pazia. Alibadilisha ramu, vile vibao vya kumbukumbu, kimoja kimoja, akapima pawasaplai inayogawa umeme ndani, akapuliza vumbi ambalo halikuwa hata la kujaza kijiko. Kisha akawasha mchezo wa magari, akauacha uende saa tano mfululizo. Kadi ya picha, ambayo ndiyo hufanya kazi ngumu mchezo unapoanza, ilifika nyuzi sitini na saba za joto ikatulia hapo.

"Huna ugonjwa," aliiambia. "Unasingiziwa."

Alikuwa na tabia ya kuzungumza na mashine. Hakuwa na wa kumjibu mwingine. Watu humpigia fundi simu kitu kikiharibika, na kikipona humsahau, na siku hiyo simu yake haikulia hata mara moja. Alikula mkate akiwa amesimama, gari likizunguka peke yake kwenye kioo, naye akahisi upweke wake wote kwa mkupuo, kama alivyouhisi siku nyingi asizozihesabu.

Kama mashine ni nzima karakanani na inakufa nyumbani, basi mwovu yuko nyumbani. Alhamisi saa nane mchana aliirudisha, akapandikiza ndani yake programu ndogo ya kuandika joto kila dakika. Kisha, saa tisa, akaenda kumhoji mshukiwa aliye karibu: jirani wa ukuta mmoja, mchomeleaji wa mageti, ambaye mashine yake hunywa umeme kama ng'ombe aliyetoka malishoni.

"Hii ukiiwasha, taa za majirani zinafifia?" Bisibisi aliuliza.

"Zinafifia, sikatai. Wananitukana kila siku."

"Juzi Jumanne, saa kumi na dakika ishirini na mbili, ulikuwa unachomelea?"

Mchomeleaji akacheka. "Juzi nilikuwa kwenye foleni ya daktari wa meno tangu saa sita. Tazama." Akaachama, akaonyesha pengo ambalo bado lilikuwa jekundu. "Dada, mimi nimesingiziwa mengi mtaa huu, lakini siku hiyo hata kusema nilikuwa siwezi."

Ushahidi wa pengo haupingiki. Bisibisi aliomba radhi, akaondoka.

Saa kumi na dakika ishirini na sita simu yake ililia. "Imekufa tena," Dereva alisema. "Dakika mbili zilizopita. Mtoto amelia, fundi."

Alifika mbio, akaifungua ile kumbukumbu ya joto. Alisoma mstari kwa mstari, kidole kwenye kioo. Sitini na sita. Sitini na saba. Sitini na saba. Hivyo hivyo hadi saa kumi na dakika kumi na tatu. Halafu sabini na tano, themanini na mbili, tisini, ikapanda hadi mia, na saa kumi na dakika ishirini na nne mashine ikajizima ili isiungue.

Mashine iliyojaa vumbi hupata joto polepole. Hii ilikuwa imezibwa pua.

Akapiga magoti, akamulika tochi nyuma ya kompyuta, kwenye matundu ya kutolea hewa ya moto. Kwenye ncha ya skrubu moja kulikuwa na uzi wa sufu uliokwama. Wa kijivu. Akautoa, akaukunja ndani ya karatasi, akautia mfukoni.

"Mzee, kwenye dakika ya kumi na tatu chumbani hutokea nini?"

"Nitajuaje? Mimi niko barabarani," Dereva alisema, akimaanisha barabara ya kwenye kioo. "Nina hedifoni. Hata paa likiezuliwa sisikii."

"Na mashine ikizima, wewe unafanya nini?"

"Natoka barazani na hasira zangu. Dada hunikuta huko. Tunakaa kama nusu saa mpaka moyo utulie."

"Na siku isipozima?"

Mzee alifikiri. "Mchezo unakwisha, nakula, nalala."

Ijumaa Bisibisi alifika saa kumi kasoro dakika kumi. Alimwambia Dereva acheze kama kawaida, asiulize neno. Yeye akakaa nyuma ya mlango ulio wazi. Saa kumi kamili mzee alivaa hedifoni, akashika usukani wa plastiki, na papo hapo akawa mtu mwingine, anacheka, anafoka, "Punguza mwendo mjukuu wangu, kona haina ndugu."

Saa kumi na dakika kumi na mbili dada yake aliingia na kikombe kimoja. Akakiweka karibu na mkono wa mzee. Dereva hakugeuka. Aliinua kidole gumba, basi.

Yule mama alisimama akimtazama kisogoni. Kisha akavua sweta yake, akaikunja mara mbili, akainama nyuma ya kompyuta.

"Mama," Bisibisi alisema, "usiiweke."

Mama alishtuka, akamtazama ndugu yake kwa hofu.

"Hasikii," Bisibisi alisema. "Tuongee tu."

Mama alikaa ukingoni mwa kitanda cha mzee, sweta mapajani. Hakukana. "Umejuaje?"

"Uzi wako ulibaki kwenye skrubu. Na mtu havai sufu joto hili ila awe mgonjwa au ana kazi nayo." Bisibisi alivuta kigoda kingine, akakaa. "Ila hapo ndipo nilipokwama. Nilijua nani, nilijua saa ngapi. Sikujua kwa nini. Hii mashine ilikaa mwaka mzima bila kuzima hata mara moja. Mara ya kwanza ni tarehe tatu. Tarehe tatu kulikuwa na nini, mama?"

Mbele yao Dereva alipiga kelele za furaha. Alikuwa amempita mtu.

"Tulimzika Msusi," mama alisema.

"Msusi ni nani?"

"Shoga yangu. Tumesukana nywele tangu hatujui kusoma. Kila Jumatano alikuwa anakuja hapa, tunakaa barazani hadi jua linazama. Alifariki tarehe mbili, ghafla. Niliingia humu humu, nikasimama pale ulipokaa, nikamwambia mdogo wangu, Msusi amefariki. Akainua kidole gumba."

Bisibisi alikitazama kisogo cha mzee.

"Nikajua hakusikia. Kesho yake asubuhi nikaenda kuzika peke yangu, yeye bado kalala. Nimerudi, nikangoja. Saa kumi hii hapa, kavaa madude yake. Nikamwambia tena, nimetoka kumzika Msusi. Kidole." Aliikunjua sweta, akaikunja tena. "Nilikuwa nimeishika hii mkononi. Siku moja nilimsikia akimwambia mtoto kwamba mashine isipopumua inazima. Nikaiziba. Ikazima. Akatoka nje ananung'unika, akakaa na mimi. Hakuniuliza kitu, lakini alikaa. Nikasema, labda kesho ataniuliza, dada, mbona uko kimya hivi. Kesho hakuniuliza. Keshokutwa nikaiziba tena."

"Kwa nini hukumwambia huko nje, akiwa hana hedifoni?"

"Nimeshasema mara mbili, mwanangu. Mara ya tatu nilitaka niulizwe." Machozi yalikuwa yanamtoka, wala hakuyafuta. "Simchukii yule mtoto. Ni damu yangu. Lakini huyu ana mtu wa kuongea naye, na mimi sina tena. Nimelea huyu tangu anatambaa, na leo naishi na kisogo chake."

Bisibisi alijua kwamba kazi yake imekwisha. Angeweza kusema tatizo lilikuwa waya, akaondoka zake, na mtoto angebaki na babu yake, na mama huyu angeendelea kunywa chai na kiti kitupu. Aliwaza pazia la karakana yake na kitanda kilicho nyuma yake. Akainuka, akaenda hadi kwenye kiti cha mzee, akamvua hedifoni upande mmoja.

Dereva aliruka. "Imezima?"

"Haijazima, mzee. Mashine yako ni nzima. Aliyekuwa anaizima ni dada yako, kwa sweta. Lakini kabla hujamgombeza, muulize tarehe tatu alikuwa wapi."

Mzee aligeuka na kiti chake. Ukali ulikuwa umeshamjaa usoni. Kisha akamwona dada yake amekaa kitandani, sweta mapajani, mabega yamekuwa madogo, analia bila sauti.

"Dada," alisema. "Ulikuwa wapi?"

"Nilikwenda kumzika Msusi."

"Msusi gani?"

"Tunaye mwingine?"

Kwenye kioo gari la Dereva liligonga ukingo wa barabara likasimama, na mengine yakalipita moja baada ya jingine.

"Lakini Msusi ndiye aliyeniita Dereva," alisema taratibu. "Sina hata suruali, nasukuma gurudumu la baiskeli kwa kijiti, akasema mpisheni dereva. Amefariki, na hukuniambia?"

"Nilikuambia. Mara mbili. Ulinijibu kwa kidole."

Mzee alikitazama kidole chake gumba. Bisibisi alirudi nyuma hadi mlangoni. Kwenye hedifoni iliyolegea sauti ndogo ya mtoto ilikuwa inaita, babu, babu, mbona umesimama, babu, imezima tena?

Dereva aliivua hedifoni yote, akakisogeza kipaza sauti chake mdomoni.

"Haijazima, mjukuu wangu," alisema. "Mwambie mama yako mashine imepona, kesho saa kumi niko hapa. Ila leo sichezi. Leo nimefiwa."