Barua ya Posa ya Kimkakati

— Skola, huyu kijana wako anataka kuoa au anataka kufungua mradi?

Mzee Anselmi aliuliza kwa upole, na upole huo ndio uliomtisha binti yake. Skolastika aliondoa mguu kwenye pedali ya cherehani, akatoka na simu nje ya kibanda chake cha ushonaji, jirani na soko la Babati.

— Anataka kuoa, baba. Kwani barua imesemaje?

— Mshenga ameileta hapa Sigino asubuhi. Kurasa tatu, zimechapwa. Sikiliza mwenyewe: "Tunaomba kujenga ushirikiano wa kimkakati na familia yako kama wadau muhimu, ili kwa pamoja tugeuze changamoto kuwa fursa." Nimeisoma mara mbili. Jina lako halimo.

Skolastika alifumba macho.

— Ndivyo anavyoongea, baba.

— Basi mimi siwezi kumpa binti mtu ambaye sielewi anataka nini. Mshenga apumzike. Jumapili baada ya misa aje mwenyewe. Nikisikia tena habari za wadau, posa imekufa.

Felix, kijana mwenyewe, alikuwa na duka la mbegu na dawa za mifugo. Mwaka jana alihudhuria semina tatu za wajasiriamali, na tangu hapo hakupona. Akichelewa, alikuwa "kwenye mchakato". Akiumwa kichwa, ilikuwa "changamoto ya kiafya". Akikaa na vijana wa stendi ndiyo balaa, kila kitu kilikuwa mchongo, na chai ya maziwa tu ilikuwa "unyama sana". Skolastika alimpenda, hilo halikuwa na mjadala. Lakini zilikuwepo siku alizotamani kumshona mdomo.

Alimtumia ujumbe kumweleza. Jibu likaja palepale: "Malkia, usipaniki. Mchongo utatiki tu. Nguvu moja!"

Alifunga kibanda, akamfuata dukani.

— Felix, baba atakukataa.

— Tulia basi, mama. Tunaenda kuupiga mwingi.

— Acha! Mwaka mzima sijawahi kukusikia ukiniambia umenikumbuka. Naambiwa nguvu moja, kama niko kwenye mkutano!

Felix alishusha mfuko wa mbegu aliokuwa ameubeba.

— Nikiongea kawaida nitaonekana nani, Skola? Mimi nimeishia darasa la saba. Kwenye semina walijaa watu wa vyuo. Nilipoyashika yale maneno ndipo wakaanza kunisikiliza.

Hasira zilimwisha Skolastika, akabaki na huruma tu.

— Mimi nilikusikiliza kabla ya semina.

Jumapili Felix alifika Sigino na shati jeupe lililopigwa pasi vizuri. Mama Philomena, mkewe mzee, akaleta chai. Skolastika alisimama kwenye mlango wa jikoni.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba. Haya, kijana, unataka nini nyumbani kwangu?

— Kimsingi, baba, katika muktadha wa…

Mzee Anselmi aliweka kikombe chini. Felix akafuta jasho, akamtazama Skolastika, akaanza upya kwa sauti ndogo.

— Namtaka Skolastika, baba. Mwaka juzi niliumwa taifodi. Nimepanga chumba, sina ndugu karibu. Alikuja kila asubuhi na uji kabla ya kufungua kibanda chake. Alinifulia hadi mashuka. Nilipopona akaacha kuja, na asubuhi ile ya kwanza nililia, mtu mzima mimi. Hapo ndipo nilipojua. Sasa naogopa utanikatalia.

Mama Philomena alijifuta macho kwa kitenge chake.

— Kwa nini hukuandika hivyo? Mzee aliuliza.

— Niliona ni maneno madogo, baba.

Mzee Anselmi aliinuka, akachana karatasi kwenye daftari la mjukuu wake, akamletea pamoja na peni.

— Andika hayo hayo madogo.

Felix aliandika mistari sita. Mzee aliisoma kimya, akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa shati.

— Hii nimeipokea. Mwambie mshenga aje Jumamosi tuzungumze.

Skolastika alitoka mlangoni, akaja kummiminia Felix chai nyingine.

— Na ile ya kwanza, baba? Felix aliuliza kwa aibu.

— Nimefungia mbegu za maharage, Mama Philomena alidakia. — Karatasi yake nzuri, ngumu.

Walicheka wote, na Felix ndiye aliyecheka zaidi.

Jioni, Skolastika akiwa bado kwa wazazi wake anaosha vikombe, simu ilitoa mlio wa ujumbe. Alikausha mikono, akaifungua.

"Nimefika salama. Nimekukumbuka."

Aliusoma mara nne. Kisha akakaa kwenye kigoda, machozi yakamtoka.

— Amesema nini tena huyo? mama yake aliuliza kwa wasiwasi.

— Amesema amenikumbuka, mama.