Samadi Iliyokuwa Bado Mbichi

Kila alipotoka shule, Chiriku alivua sare, akachukua uma wa shamba na kwenda kugeuza lundo la samadi nyuma ya nyumba. Mama yake alimpa jina hilo la utani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Mbele ya lundo lile, hata hivyo, alinuna kimya.

Shamba lao la mpunga lilikuwa limechoka. Msimu uliopita masuke yalijaa mapepe yasiyo na punje, na mama akasema likishindwa tena watalikodisha. Ndipo jirani yao mfugaji, mwanamke mcheshi, alipowapa kinyesi cha ng'ombe bure.

"Changanyeni na majani makavu, mgeuze, msubiri kioze," aliwaagiza.

Chiriku alishindwa kusubiri. Mama alipokwenda sokoni, alibeba samadi iliyokuwa ingali na moto, akaimwaga kwenye kitalu cha miche. Haikuchukua muda, miche ikageuka njano na ncha zake zikakauka kama zilizobabuliwa.

"Nani kafanya hivi?" mama aliuliza.

Chiriku alijitokeza. "Ni mimi, mama. Nilidhani nasaidia."

Mama hakumgombeza. Aliketi tu kwenye tuta, mikono kichwani. Hilo lilimuuma Chiriku kuliko fimbo.

Jirani alipopata habari alikuja mbio. "Mimi nimemaliza kupanda na miche imenibakia. Njooni mng'oe."

"Tukupe nini, dada?" mama aliuliza, machozi yakimlengalenga.

"Huyu binti ageuze lile lundo mpaka likomae. Basi."

Chiriku aligeuza bila kukumbushwa. Samadi ilipopoa, ikawa nyeusi na kunukia kama udongo ulionyeshewa, waliichanganya na tope la shamba, kisha wakapandikiza.

Wakati wa mavuno masuke yaliinama kwa uzito. Habari za kukodisha shamba zikaishia hapo. Chiriku alijitwika beseni la mchele mpya hadi kwa jirani.

"Shikamoo, mama! Asante kwa miche, asante kwa samadi, asante kwa kumtuliza mama yangu, asante..."

"Marahaba. Hebu pumua kwanza!" Jirani alicheka, akalipokea beseni kwa mikono miwili. "Sikiliza, mwanangu. Ardhi inatulisha, nasi tuilishe. Lakini kazi ya shamba haitaki pupa. Uliposema kweli, ulitupa nafasi ya kukusaidia. Ulipovumilia, ukajisaidia mwenyewe."

Chiriku alivuta pumzi kama alivyoambiwa. Alimkumbatia.