Benchi la Bi Kimya

Mto wa kulalia hauna moyo. Hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Lakini mchana ule mkunga mwanafunzi aliuweka mto mezani, akauviringishia shuka uwe kama tumbo, akainamisha sikio kwenye fetoskopu, ile pembe fupi ya mbao ya kusikilizia watoto walio tumboni, na akasikia moyo ukipiga.

Akacheka peke yake. Kozi ilikuwa ukingoni, usaili wa kazi ulikuwa kesho, na kwa wiki nzima alikuwa amelala usingizi wa paka. Akainama tena. Moyo ulipiga upesi, kisha polepole, kisha polepole zaidi. Mwendo ule aliujua. Aliwahi kuusikia kwa pembe hiyohiyo.

"Mama mdogo," aliita kwa sauti ya chini. "Njoo usikilize."

Mama mdogo alitoka jikoni akijifuta mikono. Ndiye aliyemlea, na alikuwa ameuza cherehani yake ili binti amalize masomo. Aliweka sikio, akaruka nyuma.

"Nani huyo?"

"Sijui."

"Unajua. Nani?"

Basi akasema. Wodi ya wazazi ilikuwa na mkunga mkuu ambaye wanafunzi walimwita Bi Kimya, kwa kuwa hilo ndilo neno alilowafokea kinamama wenye uchungu. Sare yake ilinyooshwa kila siku, roho yake haikunyooshwa hata mara moja. Mwezi uliopita mama mmoja alipiga kelele. Bi Kimya akamshusha kitandani na kumpeleka kwenye benchi la ukumbini, akajifunze adabu. Mtu anahangaika kuleta uhai duniani, anaadhibiwa kama mwizi wa kuku! Mwanafunzi alimfuata na pembe yake, akarudi mbio kusema moyo wa mtoto unashuka.

"Nyamaza," alijibiwa. "Wewe ndiye unayezaa?"

Kelele za benchini ziliisha zenyewe. Mama na mtoto walikufa, wote wawili. Ndugu waliambiwa mgonjwa alichelewa kufika, na wanafunzi waliambiwa kwamba atakayefungua mdomo, ajira ataisikia redioni. Kesho, kwenye meza ya usaili, Bi Kimya ndiye angeuliza maswali.

"Hilo ni jini," mama mdogo alinong'ona. "Limeng'ang'ania pembe. Kaitupe!"

Binti alikimbia kuitupa kwenye pipa la taka nje. Aliporudi, mapazia yakiwa wazi na jua likiwaka, sebule ilinuka dawa ya kusafishia sakafu na damu mbichi, na sasa moyo ule ulisikika bila pembe, ukitoka ndani ya mto na kutikisa vikombe kabatini, upesi, polepole, polepole zaidi, na chini yake ikapanda sauti ya mwanamke iliyobanwa, sauti ya mtu aliyejiziba mdomo kwa kiganja ili asifokewe, ikirudia neno moja, sikilizeni, sikilizeni, sikilizeni.

Mama mdogo alikuwa amekaa sakafuni. "Halitaki kutupwa," alisema. "Linataka lisemewe. Mwanangu, najua kazi tunaihitaji. Lakini hicho kitu hakilali humu."

Binti alirudi pipani kuchukua pembe. Hofu ilikuwa imemtoka. Alikuwa na hasira tu.

Kesho yake mezani palikuwa na wasaili watatu, Bi Kimya katikati, na sanamu ya mpira yenye tumbo la mjamzito.

"Mama anapiga kelele," Bi Kimya alisema bila kuinua macho. "Utafanya nini?"

Jibu zuri alikuwa amelikariri. Akaiweka pembe juu ya sanamu, na mpira ulikuwa na joto la mwili.

"Sitampeleka benchini," alisema. "Yule mama alikuwa hai. Mwanawe alikuwa hai. Uliwaua kwa kiburi chako, kisha ukadanganya."

"Kimya!"

Pembe ilibiringika yenyewe hadi ukingoni mwa meza, ikasimama ikimwelekea Bi Kimya. Moyo ukaanza kupiga, na kila mtu mle chumbani aliusikia ukitokea chini ya sare yake, yeye mwenye wajukuu. Akajishika tumbo. Akapiga kelele ndefu, zilezile alizozikataza.

Binti aliinama, akamsikiliza.

"Unasikia nini?" Bi Kimya alinong'ona, jasho likimchuruzika.

Tusi lilikuwa tayari ulimini. Binti alilimeza kwa shida.

"Mtoto," alisema. "Yu hai. Ila hana haraka ya kutoka."

Kazi alipewa; wale wasaili wawili hawakuthubutu kumnyima. Bi Kimya hafanyi kazi tena, lakini kila mchana huja wodini, hukaa kwenye lile benchi na kulia kwa uchungu. Hakuna anayemwambia anyamaze. Mkunga mpya humshika mkono, humwekea pembe tumboni, husikiliza kwa makini.

"Bado, mama," humwambia. "Bado."