Asio na Mzunguko wa Pili

Kila siku ya soko Asio hakufika shuleni. Alimsaidia nyanya yake kubeba wimbi hadi Malaba, wakipita kando ya malori yaliyosubiri kuvuka kwenda Uganda. Jioni alimwendea rafiki yake Amongin kuuliza mwalimu amefundisha nini.

Wasichana hao wawili walikuwa wakijiandaa kwa mbio za mita mia nane. Mshindi mmoja tu angekwenda Kakamega kushindana na shule nyingine.

"Leo Bwana Wesonga amefundisha juu ya misuli," Amongin alisema bila kumtazama. "Amesema ukimbie kwa kasi yako yote tangu mwanzo. Ukimaliza oksijeni mapema, mwili unaleta nyingine."

Asio aliamini. Kwa nini asiamini? Tangu darasa la kwanza walikunywa maji kutoka kibuyu kimoja.

Siku ya mbio alifyatuka, akawaacha wote mbali. Katika mzunguko wa pili mapaja yaliwaka moto na magoti yakagoma. Amongin akampita bila hata kugeuza shingo. Asio akawa wa tano.

"Nani alikwambia uanze hivyo?" Bwana Wesonga aliuliza. "Mimi nilifundisha kinyume!"

Asio alimtazama Amongin, naye akainamisha kichwa. Uchungu wa miguu ukawa si kitu.

"Nilikuamini, Amongin!" alilia.

"Niliogopa," Amongin akanong'ona. "Sijawahi kukushinda."

Mwalimu alimketisha Asio. "Nyanya yako hupika ajono, ile pombe ya wimbi, sivyo? Chachu ikikosa hewa chunguni, hupata nguvu kidogo kutoka kwa sukari, ikabakiza pombe. Misuli ikikosa oksijeni ya kutosha, nayo hupata nguvu kidogo, ikabakiza asidi. Ikiwa na oksijeni, sukari ileile huipa nguvu nyingi. Ndiyo maana tunaanza kwa kiasi."

Kwa kuwa Asio alidanganywa, mwalimu aliamuru mbio zirudiwe Ijumaa. Asio alianza kwa kiasi, akashinda. Lakini maji ya kibuyu alikunywa peke yake.

Siku ya soko iliyofuata, Amongin alimletea daftari na kumsomea somo lote. Asio alisikiliza, akashukuru, kisha akaenda nyumbani kwa mwalimu kuhakikisha. Amongin alimfuata nyuma, machozi yakimlengalenga.

"Yote ni kweli," Bwana Wesonga alisema. Akamgeukia Amongin. "Miguu ya Asio ilipona kwa kupumzika tu. Lakini umeona, mwanangu? Aliyedanganya jana, hata akisema kweli leo, huombwa shahidi."