Alama za Utulivu

Saa tatu asubuhi mgeni alipiga hodi chumbani kwa Siwema, ghorofa ya tisa, Dodoma. Siwema hakuwa akimtarajia mtu mapema hivyo. Alipofungua alimkuta mama wa makamo aliyejifunga kitenge, mikono ameikunja mbele kama aliyekuja kutoa pole. Mama huyo hakuwa akipumua.

“Karibu,” Siwema alisema. Mgeni huyo alikuwa mjumbejibu.

Mashine hizo zilibuniwa kwa nia njema. Zamani waombaji kazi walingoja barua kwa miezi, na wengine hawakujibiwa kabisa. Sasa jibu la usaili lililetwa mlangoni kesho yake, kwa sauti ya upole. Lakini ndani ya macho ya mjumbejibu mlikuwa na kipimautulivu, chombo kilichosoma mapigo ya moyo, jasho na mikunjo ya uso wa aliyekataliwa, kisha kikampa alama. Alama hizo zilimtangulia katika kila ofisi.

“Bi Siwema, Kampuni ya Maji Anga haitakuajiri. Pole sana, mwanangu.”

Miaka mitano Siwema alikuwa amesomea mitambo ya kuvuna maji mawinguni. Alishusha pumzi.

“Asante kwa kuja kuniambia. Naomba kujua nilipopungukiwa, nijirekebishe.”

Tarakimu ziliwaka kifuani pa mjumbejibu: 96.

“Hukupungukiwa. Nafasi haikuwepo. Tunatafuta watu wanaojua kukataliwa. Utulivu wako tutaunakili wote, tuuweke kwa wajumbe wa nchi nzima. Utalipwa maisha yako yote.”

“Huo ulio nao ulitoka kwa nani?”

“Kwa mwalimu mmoja wa Korogwe. Alipata tisini na mbili.”

“Yuko wapi sasa?”

“Nyumbani kwake. Hajiwezi tena, lakini analishwa vizuri.”

Siwema alishika fremu ya mlango. “Basi na mimi sitaweza. Pole sana, mama.”

“Hakuna tatizo. Alama zako zitakufungulia milango mingine, mradi usizungumze na mwombaji yeyote kabla ya saa sita, wote wakiwa wameshapimwa. Ukizungumza zinafutwa, na asiye na alama haitwi tena popote.”

Hapo Siwema alimkumbuka Kitundu, fundi mitambo wa miaka hamsini na moja. Jana walikaa benchi moja wakisubiri kuitwa, wakala karanga kutoka mfuko mmoja. Alikuwa amekataliwa mara kumi na saba. Mara ya mwisho alipiga kelele, akabakiwa na alama kumi na mbili. “Mashine ikiniambia tena, nitafanya fujo,” alisema. “Akiniambia mtu, nitavumilia.” Siwema akamwahidi: atakayepata jibu kwanza atampigia mwenzake.

Mjumbe wa Kitundu angefika wakati wowote kabla ya saa sita.

Siwema alichukua simu.

“Shikamoo, mzee Kitundu.”

“Marahaba! Lakini mzee nani? Mimi kijana, natafuta kazi.” Alicheka. “Enhe, wamekujibu?”

“Wamenikataa. Na wewe umekataliwa. Nafasi haikuwepo, mzee. Walikuwa wanatupima tu.”

Kifuani pa mjumbejibu 96 ikawa 80, kisha 61.

“Haikuwepo?” Sauti ya Kitundu ilikuwa imepungua. “Nimeazima hata viatu.”

“Najua. Majibu yako yalikuwa mazuri, mpaka msaili akaacha kuandika, akakusikiliza. Niliona nikiwa mlangoni.”

“Kweli?”

“Kweli kabisa.”

“Binti, mjumbe wako keshaondoka?”

“Amesimama mbele yangu.”

“Anasikia?”

“Anasikia.”

“We mtoto! Kata simu! Kata upesi!”

40. 22.

“Sikati. Lia sasa hivi, mzee, kabla wako hajafika. Akija akukute umemaliza.”

Mzee Kitundu akalia, kwa sauti, kama mtu aliyekuwa akingoja ruhusa. Siwema alibaki mlangoni, simu sikioni, mpaka tarakimu zilipofika sifuri na mjumbejibu akageuka kwenda zake. Siwema bado alikuwa akimsikiliza mzee.