Kinyozi Ajifunza Kumeza Upya

Kinyozi alikuwa mpiga soga hodari. Mteja aliingia kunyolewa, akatoka na habari za mtaa mzima. Yeye mwenyewe alifuga ndevu ndefu. Watu walimtania kwamba ananyoa kila mtu isipokuwa yeye. Aliwajibu kwamba bado hajaona mkono wa kuuamini.

Siku moja, akiwa kazini, mkono wake wa kulia ulilegea. Mashine ya kunyolea ikaanguka. Mdomo ukapinda upande. Mteja hakupoteza muda, alimkimbiza hospitali. Kilikuwa kiharusi.

Alirudi nyumbani akiwa hai, na mkewe alishukuru sana. Lakini maneno yake hayakueleweka, na kumeza kulikuwa kazi ngumu. Aliruhusiwa uji mzito tu, kwa kijiko kidogo, akiwa ameketi wima. Maji alikatazwa kabisa.

Mkewe hakuelewa katazo hilo. Mtu anamnyimaje mwenzake maji? Mchana mmoja wa joto kali, mume alimtazama, akaonyesha kikombe. Midomo yake ilikuwa imekauka. Mke akashindwa kuvumilia. Akamwinua kichwa kidogo juu ya mto, akamnywesha. Mume alipaliwa, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Kisha akatabasamu. Tabasamu hilo ndilo lililomponza mke. Akawa anampa maji kila siku, kwa siri.

Haukupita muda, homa ikapanda na kifua kikaanza kukoroma. Daktari alisema ni homa ya mapafu. Mgonjwa alipopata nafuu, walipelekwa kwa mtaalamu wa kumeza, mwanamke kijana mwenye sauti ya taratibu. Mezani kwake kulikuwa na kimashine kidogo, chenye nyaya nyembamba.

Mtaalamu aliuliza mgonjwa anakula na kunywa nini. Mke aliinama. Kisha akapiga moyo konde.

"Mwanangu, nimekuwa nikimpa maji. Niliona namtesa. Kumbe nilikuwa namuua?"

"Ulimhurumia, mama," mtaalamu akasema. "Hakuna aliyekueleza vizuri. Hebu shika koo lako, umeze mate."

Mke akafanya hivyo. Alihisi kitu kikipanda chini ya vidole vyake.

"Koo likipanda hivyo, njia ya hewa inafungwa, chakula kinapita salama. Kiharusi kimedhoofisha misuli ya baba. Sasa inachelewa. Maji yana haraka, yanafika kabla njia ya hewa haijafungwa. Yanaingia mapafuni. Uji mzito huenda pole pole, kwa hiyo koo linawahi."

Mke akashusha mkono kutoka kooni. Sasa alielewa.

Mtaalamu akawaeleza kuhusu kimashine. Vibandiko huwekwa chini ya kidevu na shingoni. Umeme mdogo sana hupita na kuiamsha misuli, huku mgonjwa mwenyewe akimeza. Umeme peke yake hautoshi, lazima mazoezi. Tena si kila mgonjwa hupata nafuu kwa njia hii. Aliuliza pia kama mgonjwa ana kifaa cha moyo kifuani, kwa sababu mtu wa namna hiyo hufanyiwa uangalizi wa pekee. Hakuwa nacho.

Mke alishtuka kusikia umeme. Mtu ameponea chupuchupu, halafu apigwe shoti shingoni? Mtaalamu hakuudhika. Alimbandika mke kibandiko mkononi, akaongeza nguvu kidogo kidogo. Mke akahisi kama sisimizi wanamtembelea, akacheka. Mtaalamu akamwonya kwamba kazi hii ni ya mtu aliyefunzwa. Nyumbani mtu asijaribu umeme wowote.

Kulikuwa na tatizo moja tu. Vibandiko havishiki kwenye ndevu. Kinyozi alizishika ndevu zake kwa mkono wa kushoto uliobaki mzima, akatikisa kichwa.

"Ndevu zitaota tena, mume wangu," mkewe akasema. "Wewe ukienda, nitakuotesha wapi?"

Kinyozi akamtazama. Akaziachia ndevu. Kisha akamnyooshea mkewe kidole: wewe ndiye utakayeninyoa.

Jioni hiyo mke alimnyoa taratibu. Kinyozi alimwelekeza kwa kidole mwanzo hadi mwisho, maana ufundi wake kiharusi hakikuuchukua. Kidevu kilichotokea mke hakuwa amekiona tangu siku za uchumba. Akakibusu.

Mazoezi yakaanza. Kinyozi aliketi wima, akainamisha kidevu, akameza kwa nguvu huku kimashine kikifanya kazi. Nyumbani aliendelea bila kimashine. Mke alimsafisha kinywa kila baada ya kula, ili uchafu usishuke mapafuni. Siku nyingine mambo yalikwama na kinyozi akasukuma kijiko kwa hasira. Mke alingoja hasira zipoe, wakaanza tena. Baada ya wiki nyingi, kikohozi kilipungua. Uzito nao ukaanza kurudi.

Ikafika siku ya kupimwa upya. Mtaalamu alimpa kijiko kimoja cha maji. Koo likapanda, likashuka. Mke alizuia pumzi. Kikohozi hakikuja.

"Sasa sema neno lolote, baba," mtaalamu akasema. "Maji yakibaki kooni, nitayasikia kwenye sauti."

Kinyozi akafikiri. Mpiga soga huyu alikuwa hajasema neno la kueleweka kwa miezi.

"Ongeza," akasema, kwa sauti kavu na safi.

Mtaalamu akampa mke kijiko. Mke akamwongezea mumewe maji, kidogo kidogo, huku machozi yakimtiririka.