Mzio: Hakuna

Jirani zangu, nipeni masikio kidogo. Mimi ni karani wa mapokezi pale kituo cha afya, yule anayewauliza majina kupitia kidirisha. Haya mengine nimeyaona kwa macho yangu, mengine nimesimuliwa na waliokuwepo, na hadi leo yananitoa jasho.

Mnamkumbuka Mama Vifungo, mshonaji. Asubuhi ile alikuwa barazani kwake, cherehani inakwenda, sare za shule zimemjaa mapajani. Mumewe, seremala, alimuaga akiwa na mlango begani.

"Usinirudie na vumbi lako la mbao," mke akamwambia.

"Vumbi hilohilo ndilo linalokulisha," mume akajibu, wakacheka.

Nyumba ilikuwa na amani. Lakini kidole cha mama yule kilikuwa kimevimba. Siku mbili nyuma sindano ya cherehani ilimchoma, naye akapuuza. Kufika saa nne homa ikampanda, akaanza kusema yasiyoeleweka. Jirani akampakia kwenye teksi, akamkimbiza hospitali kubwa, ile inayotazamana na kituo chetu. Barabara moja tu ndiyo inayotutenganisha.

Hapa ndipo penye mwiba, jirani zangu. Mama Vifungo alikuwa mgonjwa wetu wa presha. Miaka mitatu kabla alichomwa penisilini kituoni kwetu, akavimba uso, pumzi zikambana, akaponea chupuchupu. Mwili wake ulikuwa na mzio wa dawa ile. Iponyayo wengine, kwake ilikuwa sumu. Mimi mwenyewe niliyaandika hayo kwenye kompyuta yetu kwa herufi nyekundu. Lakini kompyuta zetu na za hospitali hazikuwa zikizungumza, kama majirani walionuniana.

Si kwamba haikuwezekana kuziunganisha. Mkuu wa kompyuta wa hospitali alikuwa mdogo wake Mama Vifungo, tumbo moja; dada mtu ndiye aliyemlea na kumsomesha. Tulipomwomba tuunganishe mifumo, alijibu kikaoni mbele za watu, "Mfumo huu nimeujenga kwa mikono yangu. Mkitaka taarifa, andikeni barua." Na mganga mkuu wetu naye akasusa: "Waache na ukubwa wao. Nasi tuna vyetu." Mimi nilikuwepo. Nilifanya nini? Niliendelea kunywa chai.

Basi kule hospitali muuguzi alitafuta jina la mgonjwa, hakulipata, akamfungulia faili jipya. Mgonjwa hajitambui, jirani hajui historia yake. Swali la mzio muuguzi akaliacha tupu. Na mfumo wa yule mkuu, ili ripoti zake zionekane nadhifu, ulikuwa ukijijazia wenyewe kila palipoachwa wazi: *Hakuna*.

Daktari akasoma: *Mzio: Hakuna*. Akaagiza penisilini. Sindano ikachomwa, pumzi zikambana tena, na safari hii hakuponea.

Mkuu wa kompyuta aliitwa kutoka ghorofani, akadhani printa imekwama tena. Akashuka na bisibisi mkononi. Akamkuta dada yake amefunikwa shuka hadi usoni, akaambiwa ni penisilini.

"Nani kampa sindano hiyo?" akafoka. "Dada yangu hachomwi penisilini! Sisi nyumbani sote tunajua!"

Muuguzi alikuwa akilia. Hakubishana naye. Alikigeuza tu kioo cha kompyuta kimwelekee.

"Bosi, soma mwenyewe."

Tulimzika kesho yake, lakini hakutuacha. Mwezi ulipogeuka, seremala alikuja dirishani kwangu na simu ya marehemu, ambayo alikuwa bado anaichaji kila siku. Ujumbe wetu ulikuwa umeingia: *Ndugu mteja, unakumbushwa kufika kliniki ya presha kesho saa mbili asubuhi.*

"Mnamwita," akasema kwa sauti ndogo. "Nimjibu nini?"

Kwenye kompyuta zetu Mama Vifungo alikuwa bado hai. Kifo chake kiliandikwa ng'ambo ya barabara, na habari haikuvuka. Sikuruhusiwa kufunga faili bila taarifa ya hospitali, na taarifa haikuja. Akaitwa mwezi wa pili. Akaitwa wa tatu. Kila nilipofungua orodha ya kliniki, jina lake lilikuwa likinisubiri, na pembeni yake: *Hajahudhuria*.

Mwezi wa nne mdogo wake alivuka barabara. Alikuwa amekonda, shati linamning'inia.

"Shemeji kanionyesha simu," akasema. "Tuunganishe."

Alikaa na mafundi wetu wiki kumi na moja. Siku ya majaribio, jina la kwanza aliloandika lilikuwa la dada yake. Kumbukumbu mbili zikatokea kwenye kioo kimoja: huku maandishi yangu mekundu, huku *Hakuna*. Hakulia. Aliuliza tu, "Zimechukua muda gani kuvuka?"

"Sekunde mbili," fundi akajibu.

Habari ya kifo chake nayo ikavuka, nikafunga faili, na mwezi uliofuata hakuna ujumbe uliotumwa. Seremala akaja tena, simu mkononi.

"Mwezi huu hamkumwita," akasema.

Nikatoka nyuma ya kidirisha, nikaketi naye.

FUNZO

Ndugu zangu, habari za mgonjwa si mali ya kituo wala ya hospitali. Ni zake mwenyewe, na popote aendapo zimfuate, huku siri yake ikilindwa. Wakubwa wakigombea mifumo, anayelipa ni aliyelala kitandani. Nanyi mlio na mzio, waambieni wa nyumbani na jirani zenu pia. Na sisi tunaojaza fomu, tuandike "hatujui" pale tusipojua. "Hatujui" humfanya daktari aulize tena. "Hakuna" ya uongo humfunga mdomo.